Kiti cha Bi Ijumaa

"Ukitaka kumjua mwongo, usimwulize usilolijua. Mwulize lile unalolijua tayari, kisha tulia umtazame mdomo."

Maneno hayo mama yake msusi alikuwa ameyarudia tangu asubuhi, na sasa ilikuwa saa nane na nusu mchana. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye sinki la saluni, povu limemjaa mpaka masikioni, na binti yake anamsugua kwa vidole ambavyo siku hiyo vilikuwa na nguvu kupita kiasi.

"Taratibu! Hicho ni kichwa, si sufuria."

"Samahani, mama."

"Hasira zako usinimalizie mimi. Mumeo mwenyewe anakuja saa tisa. Mwekee akiba."

Msusi alifungua maji, akaosha lile povu, akamfunga mama yake taulo. Mikono ilikuwa inafanya kazi, lakini moyo ulikuwa umesimama mlangoni, pale pale aliposimama mgeni wa asubuhi.

Ili uelewe uzito wa mgeni yule, lazima nirudi nyuma kidogo.

Kulikuwa na mteja, msusi akimwita Bi Ijumaa, kwa sababu kila baada ya Ijumaa moja hakosi. Mwanamke mzuri, mcheshi, nywele nyingi. Alikuwa akija na maandazi yake kwenye mfuko, anakaa, anaanza kumsimulia msusi habari za "mtu wangu". Mtu wangu ana mke, lakini hawaelewani. Mtu wangu kanuna juzi, nifanyeje? Na msusi, ambaye ulimi wake ni mwepesi kama vidole vyake, alikuwa akimpa mashauri huku anamsuka. Akirudi kachoka usimwanzie maswali, dada. Msifie kazi yake. Mwanamume hapendi kuulizwa ulikuwa wapi, anapenda kuulizwa umeshindaje. Mwaka na nusu alimfundisha hivyo, bure kabisa, na Bi Ijumaa akifuata kila neno kama mwanafunzi wa mbele darasani.

Enyi mabinti mnaosoma haya, msiseme sikuwaambia. Hujui unayemfundisha atakwenda kufanyia mtihani nyumba gani.

Siku moja Bi Ijumaa akatoa simu. "Hebu ona kiti alichonitengenezea. Kitambaa hiki anasema hakipatikani popote duniani."

Msusi akaangalia. Mkono ulioshika kitana ukaganda.

Mume wake alikuwa fundi wa makochi. Wiki waliyooana alipata kiwandani kitambaa kilichokosewa, maua ya zambarau yamechapwa kichwa chini, yananing'inia kama popo. Wenye maduka walikikataa. Yeye alikichukua chote, akavalisha makochi ya nyumbani, wakacheka wawili wale mpaka machozi. "Haya ni yetu peke yetu," alimwambia. "Hata mwizi akiyaiba tutayajua." Kipande kilichobaki kilikuwa kabatini. Na sasa kilikuwa kwenye kiti cha mwanamke mwingine, ndani ya simu, maua yananing'inia.

Hakupiga kelele. Alimsuka Bi Ijumaa mpaka mstari wa mwisho, akamwekea kioo nyuma ajione, akamwambia umependeza. Kisha akafunga saluni, akaenda nyumbani, akakaa kwenye kochi akimsubiri mume wake. Jioni ile ile fundi aliondoka na begi moja. Miezi saba sasa. Binti yao wa miaka saba aliambiwa baba yuko kwenye kazi ya mbali, naye kila akisikia mtu anapiga nyundo mtaani hukimbilia dirishani.

Fundi aliomba msamaha. Alituma wajomba, alituma shangazi, akaja mwenyewe, akarudishwa, akaja tena. Mwisho ikakubaliwa kwamba Jumapili hii wazee wa pande mbili wakae, wasikie neno moja tu kutoka kwa msusi: arudi, au kila mtu ashike njia yake. Na msusi, usiku akilala peke yake kwenye kitanda cha watu wawili, alikuwa ameanza kulielekea lile la kwanza.

Ndipo asubuhi hiyo Bi Ijumaa akasimama mlangoni, kajifunga kitambaa kichwani, hakuingia wala hakukaa.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimesikia Jumapili mnarudiana. Nimeona ni haki yako ujue. Jumanne ya wiki juzi mume wako alikuwa kwangu. Kaja mchana, kaondoka jua linazama. Nilimshika mkono, na hakuutoa."

Akageuka, akaenda zake. Mama alikuwa nyuma ya pazia na ufagio mkononi, na ufagio haukuwa wa kufagia.

"Umesikia?" mama alisema. "Sasa usimtukane, usimlilie. Mwite aje saa tisa. Akija mwulize swali moja tu, mara ya mwisho kumwona yule mwanamke ni lini. Akisema miezi saba, Jumapili wazee watakunywa chai yao waondoke. Sitaki kukuzika mimi. Nataka wewe ndiye unizike."

Basi hapo ndipo tulipofika. Mama kwenda kukaa nyumbani hakutaka. Alijiingiza mwenyewe chini ya draya pale pembeni, ile kofia kubwa ikamfunika mpaka nyusi, akashika gazeti la zamani. Msusi akawasha. Draya ikaunguruma.

"Mama, ukiwa humo hutasikia kitu."

"Eeh?"

"Nimesema hutasikia!"

"Ndiyo vizuri. Mambo ya mke na mume hayanihusu."

Saa tisa kamili hodi ikapigwa.

Fundi aliingia na begi lake la kazi begani. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi, mstari mmoja unakwenda huku, mwingine kule. Na kwenye ndevu, upande wa kushoto, palikuwa na chembe ya sponji ya manjano, kama ilivyokuwa kila siku kwa miaka tisa. Kila jioni msusi alikuwa akiitoa kwa vidole viwili kabla hata hawajasalimiana. Mkono wake ukainuka wenyewe. Akaushika kwa mkono wa pili, akauteremsha.

Fundi aliona.

"Shikamoo, mama," alisema kuelekea pembeni.

Mama akafunua ukurasa wa gazeti.

"Hasikii," msusi alisema. "Kaa."

Fundi akatafuta pa kukaa. Palikuwa na benchi la wateja na kile kiti cha kusukia, ambacho ngozi yake ilikuwa imepasuka kuanzia mbele mpaka nyuma, sponji inachungulia. Mganga hajigangi. Miaka miwili mke wa fundi wa makochi alikuwa akikalisha wateja kwenye kiti kilichopasuka, na fundi akisema kesho. Alikitazama kiti, akaona aibu, akakaa kwenye benchi.

"Shanuo," alianza. Hilo ndilo jina alilompa walipokuwa wachumba.

"Usiniite hivyo."

"Haya. Mke wangu."

"Hilo nalo tutalijua Jumapili."

Fundi akainamisha kichwa. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Jino la mbele limeng'oka."

"Lini?"

"Juzi. Kalificha chini ya mto, anasema atamwonyesha baba yake."

Draya ikaendelea kuunguruma. Msusi akachukua vitana, akaanza kuvipanga kwa ukubwa, vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Nimekuita kwa jambo moja," alisema. "Sitaki hotuba. Hotuba nimezisikia kwa wajomba zako. Nina swali, nataka jibu."

"Uliza."

"Yule mwanamke. Mara ya mwisho kumwona kwa macho yako ni lini?"

Pale pale draya ikazimika. Tap. Mkono wa mama ulikuwa kwenye swichi, na macho yake yalikuwa kwenye gazeti, ambalo alikuwa amelishika juu chini.

Fundi hakumwangalia mama. Alikuwa akiangalia viatu vyake. Msusi akautazama mdomo kama alivyofundishwa. Akauona unafunguka, unafunga, unafunguka tena. *Sema*, alisema moyoni. *Sema hata kama itaniua. Mungu wangu, mwezeshe aseme.*

"Siku ile," fundi alisema. "Siku uliyoniambia niondoke. Tangu hapo sijamwona."

Kuna maumivu yanayokuja kwa kishindo, na kuna yale yanayokuja kama maji ya baridi, yanapanda polepole kuanzia miguuni. Msusi aliyasikia yanapita magotini, yanapita kiunoni. Yalipofika kifuani akasema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuifahamu:

"Sawa. Nimesikia. Tutaonana Jumapili."

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo tu."

Fundi akasimama. Akachukua begi, akasema kwaheri, mama, akatoka. Mlango wa kioo ukarudi taratibu ukajifunga.

Mama akajitoa kwenye draya, nywele zinachuruzika maji mabegani. "Nilikuambia. Njia ya mwongo ni fupi. Hii ya kwake haikufika hata mlangoni."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Kadanganya mbele yako, mchana kweupe, macho makavu!"

"Nimesema tafadhali!"

Mama alimtazama binti yake, uso wake ukalegea. Mama akishapata alichokuwa akikitabiri huwa hafurahi, nyie mnajua. Akamsogelea, akamshika bega. "Lia basi, mwanangu. Lia yaishe leo, Jumapili uwe mkavu."

Lakini msusi hakulia. Alikuwa anatazama nje kupitia kioo. Fundi alikuwa amevuka barabara, akafika kwa muuza viatu, akasimama. Hakununua kiatu. Watu walimpita kushoto na kulia, mmoja akamgonga begi, na yeye amesimama tu kama mtu aliyesahau kwao ni wapi. Muuza viatu akamwonyesha jozi nyeusi. Akatikisa kichwa.

Kisha akageuka.

Alivuka barabara bila kuangalia magari. Honi ikapigwa. Akasukuma mlango bila hodi, akasimama katikati ya saluni, anahema.

"Nimekudanganya."

Msusi akashika ukingo wa sinki.

"Nilikuwa kwake wiki juzi. Jumanne. Nilikwenda mchana nikatoka jioni. Umeniuliza nimesema sijamwona, nimekudanganya. Nimefika pale kwa muuza viatu nikajiona ni yule yule. Yule aliyekuwa akirudi nyumbani anasema kazi ilikuwa nyingi. Nikasema nikipita pale nikaenda zangu, basi, nimeshakuwa yeye moja kwa moja."

"Ulikwenda kufanya nini?"

Fundi akafungua begi. Akatoa nyundo, akatoa koleo, akaviweka chini, kisha kutoka chini kabisa akavuta kitambaa kilichokunjwa. Maua ya zambarau, yamechapwa kichwa chini. Pembeni kilikuwa na matundu madogo madogo, mamia, pale pini zilipong'olewa.

"Kilikuwa kinaninyima usingizi," alisema. "Nilikuwa nikijua kiko kule, kimekaliwa, na ni chetu. Nikaenda na kitambaa kingine, nikamwambia nataka kukifumua kile kiti. Nikang'oa pini moja moja mpaka ubao, nikamvalisha upya. Ndiyo maana ikawa jioni. Sikukuambia kwa sababu nilijua hakuna atakayeamini kwamba mtu anakwenda kwa mwanamke kufuata kitambaa."

"Hata mimi siamini," mama alisema.

"Una haki, mama."

"Ni hayo tu?" msusi aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Umefumua, umevalisha, umeondoka?"

Fundi akakunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua. Jasho lilimtoka. Mtu yeyote angeona kwamba hapo ndipo mlango wa kutokea ulipo, na uko wazi: angesema ndiyo, ni hayo tu, na habari ikaishia kwenye kitambaa, habari nzuri, hata ya kumliza mtu.

"Si hayo tu," alisema. "Aliniletea maji ya kunywa. Akalia. Akanishika mkono. Sikuutoa."

"Hukuutoa."

"Sikuutoa mara moja. Baadaye nikautoa. Lakini kwanza sikuutoa."

Msusi alifumba macho. Maneno yale yale. *Nilimshika mkono, na hakuutoa.* Mwanamke aliyaleta asubuhi kama kisu, na mwanamume kayaleta mchana kwa mikono yake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Alipofumbua macho akamtazama kwa ukali.

"Nani amekuambia kwamba ninajua?"

"Unajua nini?"

"Usinichezee. Mama amekukonyeza? Umepigiwa simu pale nje?"

"Simu imezima tangu uliponiita, hii hapa, shika. Unajua nini?"

"Alikuja hapa. Leo saa tatu, hapo mlangoni. Akaniambia yote."

Rangi ikamtoka fundi usoni. Alirudi nyuma hatua moja, miguu ikagonga kile kiti kilichopasuka, akakaa bila kutaka. Sponji ikatoa mlio kama mtu aliyepumua. "Kwa hiyo uliponiuliza…"

"Nilikuwa najua jibu."

"Na nilipodanganya…"

"Nilikuwa nimeshakuaga. Jumapili ilikuwa imeshaisha."

Akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Msusi alimwangalia, na ndani yake watu wawili walikuwa wanagombana. Mmoja alitaka kumshika kichwa kile, amtoe ile chembe ya sponji kwenye ndevu. Mwingine alitaka kuchukua kitana cha chuma.

"Usimwonee huruma," mama alisema, akijipangusa maji shingoni. "Kusema kweli baada ya uongo ni kunawa baada ya kula. Kashashiba huyo."

"Lakini kanawa, mama."

"Nini?"

"Nimesema kanawa. Miaka yote hiyo hakuwahi hata kunawa." Akamgeukia mume wake. "Na wewe usifurahi. Unisikilize vizuri. Hicho kitambaa sikutaka, sikukutuma, na sikipeleki ndani kwangu. Ungekichoma ungenisaidia zaidi. Umekwenda kuondoa aibu yako, siyo kuniondolea mimi uchungu. Ungetaka kuniondolea mimi uchungu ungekuja kuniambia Jumatano asubuhi."

"Kweli."

"Usiniitikie kweli kama uko mahakamani! Unajua ni kitu gani kinanichoma? Siyo yule. Yule alikuwa mteja. Ni kwamba nilikuwa namwambia mwanamume asiulizwe ulikuwa wapi, na mimi mwenyewe nilikuwa sikuulizi. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nakuachia uwanja mzima."

Fundi akainua uso. Macho mekundu. "Sasa uniulize. Kila siku. Mpaka uchoke."

"Nimeshachoka. Sitaki kuwa askari wa mtu mzima. Nataka uniambie kabla sijauliza."

Nje muuza viatu alikuwa anachungulia, kashika kiatu kimoja mkononi, kasahau cha pili kiko wapi. Mama akaenda akavuta pazia kwa hasira.

"Jumapili nitawaambia wazee warudi makwao," msusi alisema.

Fundi alikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea maiti.

"Sijamaliza. Nitawaambia warudi kwa sababu neno wanalolitaka sina. Siwezi kusema rudi, na siwezi kusema nenda. Mtu atakayenilazimisha kuchagua Jumapili hii atanifanya niseme uongo, na uongo tumeshakuwa nao wa kutosha." Akanyoosha kidole. "Lakini hicho kiti ulichokalia kimepasuka miaka miwili."

Fundi akatazama chini, kama ndiyo kwanza anakiona.

"Kesho ukitengeneze. Hapa hapa, mlango wazi, wateja wakiwemo, mama akiwemo. Usije ukaniwekea ngozi mpya juu ya mbovu. Ung'oe vyote mpaka ubao, nione kilichooza kiko wapi. Hata kama utachukua mwezi."

"Kiti kimoja hakichukui mwezi."

"Nimesema hata kama."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba, na hakuna aliyetangulia kuangalia pembeni. Palikuwa na meza kati yao, na vitana, na maji sakafuni, na Bi Ijumaa naye alikuwa bado yupo, amesimama katikati kama nguzo. Lakini waliweza kuonana.

"Na nyumbani?" fundi aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Nimesema kiti."

"Haya." Akasimama, akaokota nyundo yake na koleo. Kitambaa cha maua alikishika, hajui akiweke wapi, mwisho akakisukuma kwenye ndoo ya takataka juu ya mabaki ya nywele za watu. Akaenda mpaka mlangoni. "Saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nitakuja."

"Na ukichelewa," msusi alisema, "uje na useme ulikuwa wapi. Hata kama ni pabaya."

Fundi alibaki ameshika kitasa. "Hata kama ni pabaya," alirudia, akatoka.

Mama alimsindikiza kwa macho mpaka akapotelea kwenye watu. Kisha akarudi kwenye draya, akajishusha kwa kuguna, akavuta ile kofia.

"Akichelewa dakika moja…"

"Mama."

"Sijasema kitu. Washa hii, nimelowa mpaka mgongoni. Mtaniua kwa nimonia kabla sijaona mwisho wake."

Msusi akawasha. Akachukua ufagio, akafagia, akafika kwenye ndoo, akasita. Akakitazama kile kitambaa kwa muda, maua yananing'inia. Hakukitoa. Aliinua ndoo, akaimwaga nje kwenye pipa la mtaa, akarudi na ndoo tupu. Kisha akakaa kwenye kiti kilichopasuka, pale pale mume wake alipokuwa, akafungua simu na kuweka kengele imwamshe mapema kuliko siku zote.